Kugawa halmashauri hakuzibi mashimo

Mhariri,

Kila inapozuka hoja ya kugawa au kuunganisha halmashauri huku Kusini mwa Tanzania, hakosi mtu wa kutaja Uingereza. Basi tuutazame mfano wenyewe.

Sheria yao ya serikali za mitaa ya 1972 (mwaka uleule sisi tulipozifuta halmashauri za wilaya, tukazirudisha 1984) ilianza kutumika Aprili 1, 1974. Pwani ya Suffolk, kaunti ya mashariki mwa Uingereza, ikapata wilaya za Suffolk Coastal na Waveney. Aprili 1, 2019 zikaunganishwa kuwa East Suffolk, yenye madiwani 55.

Muungano huo haukugusa barabara. Wilaya huzoa taka, hutoa vibali vya ujenzi na kukusanya kodi ya nyumba kwa niaba ya ngazi zote. Shule na barabara nyingi ziko chini ya kaunti, ngazi iliyo juu ya wilaya. Mwenye shimo mlangoni akienda wilayani huelekezwa kaunti, japo kodi kaipeleka wilayani.

Kwetu ni yaleyale. Kalavati la mtaani likiziba ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, barabara kuu ni za TANROADS, maji ya vijijini RUWASA. Diwani anasutwa kwa fungu asilolishika.

Mipaka nayo huzeeka vibaya: Dunwich, mji wa Suffolk ulioliwa na bahari, uliendelea kupeleka wabunge wawili London hadi 1832. Wawakilishi wa samaki, tuseme.

Anayedai halmashauri mpya Mtwara aorodheshe kwanza kazi zitakazohamia kwake, na fedha zake.

Msomaji,
Mikindani, Mtwara