Mheshimiwa, ile mashine ya picha bado imefunikwa

BARUA YA WAZI

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya katika kaunti yetu,

Assalamu alaikum.

Kwanza nakupa hongera kwa hotuba yako ya juzi. Vipaza sauti vilikuwa vizuri, tulikusikia mpaka huku visiwani. Ulisema kwamba hakuna tena mama mjamzito wa Lamu atakayevuka bahari kufuata huduma inayoweza kupatikana mlangoni pake. Sisi tuliokaa barazani tulitazamana. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumemzika mtoto wa jirani yangu, aliyefia tumboni mamake akiwa amebakisha wiki chache ajifungue. Waliomwosha wanasema alikuwa mdogo mno, viungo vyembamba, ngozi imelegea. Mamake hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba mwanawe hakui.

Nakuandikia kwa sababu mwaka jana nusura tuwe sisi. Binti yangu alitimiza miezi yake yote, akazaa mtoto wa kilo 1.8. Watu wakasema ni wa miezi saba. Si wa miezi saba, Mheshimiwa. Hesabu ninayo tangu siku alipokosa damu yake. Huyu ni mtoto aliyekosa riziki humo humo tumboni. Daktari aliyempokea alinieleza kwa Kiswahili chepesi: kondo la nyuma ndilo linalompitishia mtoto chakula na hewa, na likidhoofika, mwili wake hubana matumizi. Damu hupelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo, kwingine kunabaki nyuma. Ndiyo maana kichwa kilionekana kikubwa na mapaja hayana nyama.

Kondo lilidhoofika kwa nini? Mimi nasema ni presha, maana uso na mikono vilimvimba tangu mwezi wa saba na kichwa kilikuwa hakimwachi. Mumewe anasema ni malaria aliyougua wakati wa masika, na kweli malaria hujificha kwenye kondo. Mkwe wake anasema ni hasadi. Daktari alitaja presha, malaria, upungufu wa damu, tena akaongeza kuwa mara nyingine sababu haipatikani. Sawa. Lakini kwani mtu hawezi kupima mpaka ajue sababu?

Kitabu chake cha kliniki ninacho. Safu ya presha imejazwa mwanzo, kisha ni patupu. Penye kimo cha tumbo pameandikwa 28, halafu 28 tena, halafu 29, na hapo mimba imeshafika wiki 34. Mimi ni mshona kofia, futi naijua. Kuanzia wiki ya 24, ukipima kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi, sentimita hukaribiana na wiki za mimba. Zikipungua kwa tatu au zaidi, mama apelekwe akapigwe picha ya tumbo, ile wanayoiita ultrasound. Namba ziliandikwa, hazikusomwa. Na nesi simlaumu sana, kwa kuwa ni yeye anayechanja, ni yeye anayefunga vidonda, na usiku ni yeye anayezalisha.

Hiyo picha ndiyo ingeonyesha kichwa, tumbo na paja la mtoto, maji yanayomzunguka, na damu inavyopita katika kitovu. Daktari aliniambia wazi kuwa dawa ya kulifufua kondo haipo. Kinachowezekana ni kumfuatilia mtoto kwa karibu na kuchagua siku ya kumtoa kabla kubaki ndani hakujawa hatari zaidi kuliko kutoka. Sasa utaichaguaje siku kama hujui kuna tatizo?

Na mashine hiyo tunayo! Ulikuja mwenyewe kuizindua, ukakata utepe, tukakupigia vigelegele, mahamri uliyokula siku ile niliyakaanga mimi. Mpaka leo imo chumbani, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi ambaye bwana hajatokea. Mara tunaambiwa umeme hautoshi. Mara kuna karatasi haijatiwa sahihi. Mara hakuna aliyefunzwa kuiendesha. Nashuku ni hilo la mwisho, kwa sababu friji ya chanjo katika chumba cha pili inafanya kazi vizuri tu.

Basi mwaka jana tukavuka kwenda hospitali. Ilikuwa kusi, maji yamekupwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, tukakaa kwenye boti tukingoja maji yajae na binti yangu analia kichwa. Nahodha alitaka hela ya mafuta mkononi, na simlaumu naye, mafuta hayagawiwi bure. Bangili ya dhahabu niliyoachiwa na marehemu mama yangu ikaishia kwa sonara.

Wauguzi waliotupokea, Mungu awalipe. Mtoto alifungwa kwa leso kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Mamake akichoka, nilimbeba mimi. Njia hii ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi na mashine za joto chache. Leo Shirika la Afya Duniani linataka mtoto mdogo aanzishiwe mara tu azaliwapo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Maziwa ya mama yalikamuliwa, akanyweshwa kwa kikombe kila baada ya saa mbili au tatu, kwa sababu mtoto asiye na akiba ya mafuta mwilini hupoa upesi na sukari yake hushuka. Shangazi yake alikuja na asali, muuguzi akamrudishia kwa adabu. Utaona, Mheshimiwa, kwamba katika hayo yote hamna hata moja linalohitaji tenda.

Mjukuu wangu sasa anatambaa. Ni mdogo kwa rika lake, na tumeonywa tusimshindilie uji wa sukari ili anenepe haraka, ila tumpeleke apimwe na tuangalie anavyokaa, anavyosimama. Jirani yangu hana wa kumpeleka.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachofikika, na afya ya uzazi imetajwa humo. Hospitali na zahanati ni kazi ya kaunti, kwa hivyo tafadhali usitutume Nairobi.

Nilikuwa nimeandika maombi mengi: boti ya wagonjwa, nesi wa pili, nyumba ya kungojea uzazi. Mwanangu wa kiume akaniambia, mama, ukiomba saba hupewi hata moja. Basi naomba moja. Tuletee mtu anayejua kuiendesha ile mashine. Akija siku moja kwa juma yatosha. Tutampa chumba, tutampikia, samaki hatakosa.

Mtaani kwetu kuna msichana mwenye mimba ya wiki 31. Jana nesi alimpima kwa futi akapata 27, na safari hii alisoma. Amemwambia avuke, na hela ya boti hana. Mtu wako akija juma hili, atamkuta.

Wassalam,

Bibi mshona kofia, visiwani Lamu