Mwanangu, kapime kabla hujatoka

Mwanangu,

Mimi mzima, bibi yako mzima ila mguu bado unamsumbua, mwanao mzima na ameng'oka jino la mbele. Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye huko ndani mahabusu. Barua hii nampa yule mama mwelimishaji anayeruhusiwa kuingia, isome peke yako, ukimaliza ichane, ila ninachokuuliza unijibu.

Umepima?

Nauliza hivyo kwa sababu Jumapili alikuja shoga yako, yule mliyekuwa mnashinda naye maskani, jina silitaji. Siku hizi anakunywa methadoni, ile dawa ya kuacha unga wa heroini, pale hospitali ya Mwananyamala kila asubuhi, mwili umerudi rudi. Nikampa chai hakuigusa, kikombe kipo mikononi anakizungusha tu, mwishowe akasema mama, mimi nimekutwa na virusi vya Ukimwi, na homa ya ini C pia ninayo, mwambie mwanao akapime maana bomba la sindano tulikuwa tunatumia moja. Nikamuuliza moja kivipi, akaniambia siku ambazo mmoja wenu hana hela ya kete ya unga mwenzake akishajidunga anavuta damu yake kwenye bomba anampa, na huyo anajidunga ile damu ili arosto, yale maumivu ya kukosa unga, impungue. Mimi nilikuwa najua mnachangia sindano, hilo la damu nilikuwa sijalisikia. Kumbe si jambo la jana, nesi wa kliniki kaniambia watafiti waliliandika tangu 2005, wanawake wa hapa hapa Dar walikuwa wanapeana damu hivyo kwa kuhurumiana. Na hiyo damu arosto haiondoi, unga uliobaki mle ni kama hakuna, kinachopita ni ugonjwa tu. Sasa nielewe mama, sikugombezi kwa huruma yako, nakuuliza umepima au hujapima.

Najua utajibu mbona mimi ni mzima. Shoga yako naye alikuwa mzima. Homa ya ini C inakaa mwilini miaka bila kukuonyesha kitu, haikuumizi, macho hayawi ya njano, mpaka ini liwe limeshaharibika. Na haihitaji sindano peke yake. Yale maji ya kuchanganyia, kile kijiko, kipamba cha kuchujia, vyote vina damu hata kama huioni, na mkisuuza bomba kwa maji mkaona imetakata bado kirusi kinaweza kukaa mle wiki kadhaa. Na wembe. Hili nalisema mara mbili, wembe. Nimesikia huko mnanyoana kwa wembe mmoja bweni zima kwa sababu ndugu hawaleti. Mimi nitakuletea, na nitaandika jina lako juu ya karatasi yake, usimpe mtu hata akulilie, mwambie mama yangu kakataa, nilaumiwe mimi.

Halafu kapime vyote kwa pamoja, usiende ukapima virusi vya Ukimwi ukarudi bwenini umeridhika. Homa ya ini B, homa ya ini C, kaswende, kifua kikuu, na mimba. Ndiyo mimba, usinikunjie uso. Unga unakata siku za mwanamke hata miezi, wengi wanadhani hawashiki tena, kumbe wanashika, na mtu akianza methadoni ndio siku zinarudi na mimba nazo zinaingia kirahisi. Na ukipima mara moja usiseme basi, rudia baada ya miezi mitatu, maana damu iliyoingia karibuni bado haijaonyesha.

Kama ni virusi, dawa siku hizi unaanza papo hapo, ni bure, ukimeza vizuri vinafubaa na hata mwenzako humwambukizi. Kama ni ini C kuna vidonge vya kama miezi mitatu vinaitoa kabisa kwa watu karibu wote, kuvipata ndiyo shughuli, lakini hilo niachie mimi, nimeshauza vitu vikubwa kuliko hivyo vilivyobaki humu ndani. Kama ini B huna, kuna chanjo, sindano tatu, iombe. Na majibu ni yako, sheria ya Ukimwi ya 2008 inasema hayatangazwi, nyapara hana haki ya kuyajua.

Sasa hili la kikohozi. Mdogo wako aliniambia siku ya kutajwa kesi alikuona kizimbani unakohoa umejishika mbavu. Mkilala mnabanana vile na madirisha madogo kifua kikuu kinapita kwa wepesi, kwa hiyo toa makohozi wapime usisubiri. Ila sikia, hapa ndipo ninapokosa usingizi. Wakikuanzishia dawa za kifua, mle ndani kuna moja inaitwa rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe rangi ya chungwa, hiyo inaifanya methadoni iishe mwilini haraka. Nesi kanieleza taratibu nikamwambia arudie. Kipimo kile kile ulichokuwa unakunywa ukakaa vizuri hadi kesho yake, sasa usiku tu unaanza miayo, makamasi, mifupa inauma, tumbo linakoroga. Utadhani ni wewe umeshindwa, utadhani ni udhaifu wako kama nilivyokuwa nakwambia mimi kila siku hapa nyumbani. Siyo wewe, ni dawa zinavutana. Usiache dawa za kifua na usitafute bomba la mtu, nenda kaseme "nimeanzishiwa za kifua na arosto imerudi", wao wanajua, kipimo kinapandishwa. Karatasi ya dozi yako kutoka kliniki nilishaipeleka getini, wakasema imepokelewa, kama haijafika niambie niipeleke tena. Nitaipeleka mpaka wanizoee.

Kuna jambo jingine na kuliandika kunanipa tabu. Watu wanasema huko mwanamke asiye na mgeni anauza alichonacho, kwa sabuni, kwa pedi, kwa dakika mbili za simu. Wewe una mgeni. Nilichelewa kuja miezi ile ya mwanzo, nilikuwa naambia watu uko Mwanza unafanya kazi, hayo yameisha, jirani wote sasa wanajua uko wapi na hakuna aliyenifunga mdomo. Kwa hiyo usiuze kitu kwa sabuni. Na kama kuna mwanaume yeyote huko, awe na cheo awe hana, anakutaka, ujue zile kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Mandela mwaka 2015 zinasema wafungwa wanawake walindwe na askari wanawake, mwanaume haingii upande wenu bila askari wa kike. Mwambie wakili wa msaada wa kisheria au huyu mama mwelimishaji. Na kama limeshatokea, mwanangu, hiyo siyo aibu yako, lakini nenda zahanati siku hiyo hiyo, ipo dawa ya kuzuia virusi na inatakiwa ianze ndani ya saa 72, zikipita haisaidii tena.

Nakumbuka ulivyokuwa unawasomea wenzio hati zao za mashtaka, askari mmoja wa kike ndiye aliyenieleza, kasema bila wewe nusu yao wasingejua wameshtakiwa nini. Nilifurahi nikashindwa kumjibu. Mtu mwenye kichwa hicho anashindwaje kwenda dirishani kusema nipimeni? Unaogopa kichomi kimoja cha sindano ya nesi baada ya zile zote?

Mahabusu hutoka ghafla, hilo ndilo linanifanya nikuharakishe. Siku upande wa mashtaka wakisema hawana ushahidi unaachiwa hapo hapo mahakamani, huna nauli, na nje wapo wale wale wanakusubiri na kete ya kukupongeza. Mwili wako sasa hivi hauna uzoefu tena na kipimo ulichokuwa unapiga. Kile cha zamani kitakuua, na wengi wanaokufa ni wiki mbili za kwanza, bado wana harufu ya jela. Nataka uache kabisa, hilo unalijua. Lakini kama siku hiyo ikikuzidi, kidogo sana kuliko unavyodhani, bomba jipya, na usiwe peke yako mlango umefungwa. Mimi mama yako ndiye ninayeandika hivi na simwombi mtu radhi. Kisha kesho yake nakupeleka dirishani Mwananyamala, au Temeke kama huku hutaki kuonekana, hata Muhimbili walikoanzia kutoa methadoni 2011, nitakaa kwenye benchi mpaka unywe.

Bajaji nitamlipia utakapofika, usipande daladala ukashukia njiani. Ufunguo upo kwa mama wa genge. Chumba chako nilikipangisha, yule mpangaji anatoka mwisho wa mwezi, nimeshamwambia, kwa hiyo mwanzoni utalala na mimi na bibi. Bati la jikoni linavuja upande wa jiko la mkaa, fundi kachukua hela ya misumari hajarudi. Kuku wamebaki watatu.

Jumamosi naja na pedi, sabuni, nyembe na kandambili, nyekundu zimeisha nimekununulia za bluu. Jibu la kupima nalitaka siku hiyo, hata kama ni hapana niambie hapana nijue pa kuanzia. Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto ulikiweka wapi? Nimepekua sanduku lote na chini ya godoro, mwalimu anakitaka kabla ya Ijumaa ijayo, asije akamrudisha.

Mama yako