Leon Fleisher hakukimbilia ualimu

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma hadi mwisho makala yenu kuhusu Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani. Imenifurahisha, maana wanamuziki wa aina yake hawaandikwi mara nyingi. Lakini pale mnaposema kwamba mkono ulipomgomea ndipo akaangukia kwenye ualimu, hapo sikubaliani nanyi hata kidogo.

Tarehe zenyewe zinakataa. Fleisher alianza kufundisha Peabody, chuo cha muziki cha Baltimore, mwaka 1959. Wakati huo nyota yake ilikuwa juu. Alikwisha kushinda shindano la piano la Malkia Elisabeth mjini Brussels mwaka 1952, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo, na alikuwa akirekodi kazi za watunzi Beethoven na Brahms pamoja na okestra ya Cleveland chini ya kiongozi wake, George Szell. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilikuja kuanza kujikunja vyenyewe katikati ya miaka ya 1960. Aliingia darasani kwa hiari yake, mikono yote miwili ikiwa mizima.

Wala ualimu hakuuokota njiani. Alikuwa na umri wa miaka 9 tu mpiga piano mashuhuri Artur Schnabel alipokubali kumfundisha, kwa sharti kwamba asipige mbele ya hadhara muda wote wa masomo. Kwa Schnabel wanafunzi walikaa chumba kimoja: mmoja anapiga, wengine wanasikiliza, na kosa la mmoja linakuwa somo la wote. Schnabel mwenyewe alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky na Czerny, na Czerny na Beethoven. Mtu aliyekabidhiwa urithi wa namna hiyo angewezaje kuuona ualimu kuwa kazi ya walioshindwa?

Ugonjwa ulimwumiza, hilo silipingi. Ilikuwa distonia, ubongo unapoipa misuli amri zisizo sahihi, na ilichukua miaka mingi kujulikana. Alikata tamaa kiasi cha kufikiria kujitoa uhai. Baadaye akashika kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake, kama ile ambayo mtunzi Ravel alimtungia mpiga piano Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Akaongoza okestra pia, Annapolis kisha Baltimore. Matibabu ya Botox, sindano za kulegeza misuli, na kurudi kwake kupiga kwa mikono miwili mmeyaeleza vizuri, siyarudii.

Ninachosikitika ni kwamba hamkukaa darasani mwake hata kwa aya moja. Kabla ya kuugua, mwanafunzi akikwama, Fleisher alikuwa akimwondoa kwenye kiti na kumpigia mwenyewe. Mkono ulipogoma, njia hiyo ikafungika. Ilimbidi atafute maneno ya kueleza kwa nini noti hii inaiegemea ile inayofuata, sentensi ya muziki inapumua wapi, na kimya kilichoandikwa kwenye karatasi kinadai nini kwa mpigaji. Mwenyewe alikiri kwamba hapo ndipo alipokuwa mwalimu bora zaidi.

Mimi nafundisha piano, na najua ugumu wa jambo hilo. Kuonyesha ni rahisi: mwanafunzi anaiga, mnafurahi wote wawili, na wiki inayofuata amesahau. Kumfikisha mahali ambapo anausikia mlio kichwani kabla kidole hakijashuka ni kazi ya miaka, na haina makofi. Fleisher aliifanya kwa zaidi ya miaka 50, ikiwemo ile aliyoongoza kituo cha mafunzo ya muziki cha Tanglewood, Marekani, kuanzia 1986 hadi 1997. Wapiga piano mashuhuri André Watts, Yefim Bronfman na Jonathan Biss wote walipita mikononi mwake. Makala yenu haikumtaja hata mmoja wao.

Alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 92, na wanafunzi wake wengi bado wapo na wanazungumza juu yake waziwazi. Naomba mkiandika tena juu ya mwanamuziki aliyefundisha, mwandishi wenu awatafute watu kama hao, awaulize waliambiwa nini pale kwenye piano, na majibu yao yapewe nafasi isiyopungua ile ya tuzo.

Wenu,
Mwalimu wa piano