Mtoto arudi na unyayo wa ndege, kombe libaki pwani

Mhariri,

Familia nyingi zikitoka kutembea pwani, mfuko wa mtoto hurudi umejaa makombe, na baada ya siku mbili unanuka. Mengi hayakuwa matupu. Ndani alikuwamo konokono aliyejifungia, au yule kaa mwenye tumbo laini anayehamia katika kombe la konokono aliyekufa na kutafuta kubwa zaidi kila anapokua. Kwa hiyo hata kombe tupu lina mpangaji anayelisubiri. Katika bahari za joto kuna hatari nyingine: konokono wenye kombe la umbo la pia wana mwiba wa sumu inayoweza kumuua mtu mzima. Tunawasihi wazazi wamwachie mtoto kitu kingine cha kurudi nacho, yaani nakala ya unyayo wa ndege au kaa, iliyotengenezwa kwa plasta ya Paris, ule unga mweupe unaoganda ukichanganywa na maji.

Safari ipangwe kwa kufuata maji, si kwa kufuata saa ya chai. Katika pwani nyingi, kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika 12, na kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji hutoka mbali zaidi siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yakianza kurudi, ondokeni miambani. Viatu vifunike vidole. Jiwe likifunuliwa lirudishwe lilivyokuwa, maana walio chini hukaushwa na jua, na mwani wa juu hufa kwa kukosa mwanga. Kiti cha pweza asing'olewe mwambani. Vijiguu vyake vya kujishikizia hukatika. Maji ya ndoo hupata joto upesi na hewa yake hupungua: mnyama mmoja, dakika chache, kivulini, kisha arudishwe kwenye kidimbwi kilekile.

Ndege watazamwe kwa mbali mpaka waondoke wenyewe. Akikimbizwa, hupoteza muda wa kula, na nyayo zake huwa zimeburutika, hazifai kitu. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kusoma mchanga: shakwe huacha alama ya ngozi kati ya vidole, korongo ana kidole kirefu cha nyuma, kaa huacha safu za vitobo vidogo.

Chagueni unyayo wenye kina cha nusu sentimita hivi, kwenye mchanga mbichi ulioshikana, juu ya mahali maji yatakapofika ndani ya saa moja. Mchanga mkavu hubomoka. Uliolowa sana hujaza unyayo maji. Zungusheni ukanda wa kadibodi wenye kimo cha sentimita 5 kufanya duara la upana wa sentimita 10, na mwukandamize kidogo mchangani ili plasta isivuje chini.

Duara hilo linahitaji kikombe kimoja cha plasta na nusu kikombe cha maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyoletwa kutoka nyumbani. Maji ya bahari huigandisha plasta haraka mno, na baadaye chumvi huchomoza juu kama ukungu mweupe. Unga ndio unyunyizwe juu ya maji. Ukifanya kinyume utapata madonge. Subirini dakika moja, kisha korogeni polepole, kwani kukoroga kwa nguvu huingiza mapovu yanayotoboa vidole vya unyayo. Mimineni pembeni mwa unyayo, juu ya mgongo wa kijiko, uji uingie wenyewe. Ukimiminwa kutoka juu hufuta alama.

Kazi ya unga ni ya mtu mzima, mgongo ukielekea upepo unakotoka. Plasta inapoganda hutoa joto la kuunguza, kwa hiyo mtoto asizamishe mkono ndani yake hata kwa mchezo. Kabla haijakauka, aandike mgongoni kwa msumari tarehe na jina la ndege. Baada ya dakika 40, chimbeni pembeni na mwinue pamoja na mchanga wake. Msisugue siku hiyohiyo. Kesho yake tumieni mswaki wa zamani. Rangi ingoje siku mbili tatu. Masalia yarudi nyumbani ndani ya mfuko, yasimwagwe baharini wala kwenye sinki, ambako yataziba bomba.

Unyayo utatoka umetuna. Anayetaka shimo kama la mchangani apake mafuta mazito ya kujipaka juu yake, kisha amimine plasta ya pili.

Tunaliomba gazeti lako lichapishe nyakati za maji kupwa na kujaa kila Ijumaa kando ya hali ya hewa. Mstari mmoja utatosha.

Wasomaji wako,
Wapenzi wa viumbe wa pwani