Chetezo cha umeme kichaguliwe kwa joto lake, si kwa taa zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie vile vifaa vya kupashia majani makavu kwa umeme ili yanukie bila kuungua, ambavyo mtaani kwetu tumekwishavipa jina la vyetezo vya umeme, na ambavyo siku hizi havikosekani katika mizigo ya jamaa wanaorudi kutoka Dubai na Maskati. Ninaona kwamba tunavichagua kwa macho, kwa rangi na wingi wa taa, ilhali jambo la kuulizwa kabla ya bei ni joto: linafika wapi, na ndani ya kifaa kuna kitu gani cha kulizuia lisipite hapo.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Vingi vya vifaa hivi vilibuniwa ng'ambo kwa ajili ya bangi, na zipo nchi, kama Kanada na Ujerumani, ambazo sheria zake zinairuhusu kwa masharti. Kwetu sheria inaikataza, nami siizungumzii. Nazungumzia mchaichai, mkaratusi, karafuu na mdalasini, vitu ambavyo nyumba za Pemba zimevukizwa navyo tangu hatujazaliwa.

Nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika ukamuaji wa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kazi ambayo kila aliyepita Wawi, penye kiwanda cha mafuta hayo hapa Pemba, ameijua kwa pua kabla ya macho. Tulichofundishwa mwanzo kabisa ni kwamba mafuta hayatolewi kwa ukali wa moto. Yujinoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi joto 254 za Sentigredi, lakini ikibebwa na mvuke wa maji hutoka kwenye joto la karibu nyuzi 100 tu. Hewa ya moto nayo hubeba kwa namna yake, kwa hiyo kifaa cha nyumbani hakina haja ya kufikia kiwango cha kuchemka ili harufu itoke. Majani makavu yakifikishwa kwenye nyuzi 230 hivi na kupita, huanza kuungua, na kitokacho hapo ni moshi kama moshi mwingine wowote. Kaa jekundu la chetezo cha udongo lina joto la mamia ya nyuzi, tena chumba kikifungwa linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo huua watu waliolala. Kwa hiyo sababu ya kutaka kifaa cha umeme ipo, ila inapotea ikiwa kifaa chenyewe nacho kinaunguza.

Changu cha kwanza kiliunguza. Nilikinunua dukani, kikiwa na taa za rangi saba na swichi moja ya kuwasha na kuzima, na muuzaji akanihakikishia kwamba "kinajua chenyewe". Nilitia mchaichai, na baada ya dakika chache sebule ikanuka kama jalala lililotiwa moto. Nilipofunua nikakuta majani meusi chini na mabichi juu. Kifaa cha namna hiyo, kisicho na kidhibiti joto, huutegemea umeme kwa kila kitu. Umeme wa Pemba, ambao tangu mwaka 2010 unatufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, unapaswa kuwa wa volti 230, lakini panapokuwa na upungufu ukashuka hadi volti 200, nguvu ya koili ya kawaida, yaani waya unaotoa joto ndani ya kifaa, hupungua kwa karibu robo nzima. Maana yake ni kwamba kifaa kile kile, kwa majani yale yale, kitaunguza usiku wa manane na kupasha nusunusu saa za magharibi.

Cha pili, nilicholetewa na mpwa wangu, kilikuwa na kioo cha namba. Nikaweka 180, nikakaa, hakuna kitu. Mama watoto alipita mara mbili, mara ya tatu akasema, "Hicho chako kinataka kubembelezwa." Kumbe namba zile zilikuwa za Farenhaiti, na 180 ya Farenhaiti ni nyuzi 82 tu za Sentigredi, joto ambalo hata maji hayachemki. Tulipogeuza kipimo, nyumba ikanukia. Kwa majaribio yangu, mchaichai na mkaratusi hutosheka na nyuzi 130 hadi 170, na karafuu iliyopondwa kidogo kwenye kinu hutaka 180 hadi 190.

Zipo namna mbili za kupasha, na mnunuzi azijue. Katika namna moja majani hulala juu ya bamba la moto, na hapo mambo ni kama kukaanga buni: usipokoroga, za chini zinaungua na za juu hazijabadilika rangi. Katika namna ya pili feni huipitisha hewa ya moto katikati ya majani, ikayapata pande zote kama upepo unavyoipata nguo kwenye kamba. Hii ya pili ni ghali zaidi, lakini kwa kifaa kinachokaa mezani nyumbani ningeichagua hiyo bila kusita. Vile vidogo vya betri na mrija wa kuvutia mdomoni naviacha kwa wanaovitaka. Mimi sioni kwa nini mtu avute mapafuni kitu alichokikusudia kwa ajili ya chumba. Mwenye pumu asidhani kwamba kukosekana kwa moshi ni usalama, kwani hata harufu kali peke yake huweza kumbana kifua, na dawa zake zisiachwe kwa sababu ya chetezo.

Tuangalie pia chombo kinachobeba majani. Kiwe cha chuma kisichoshika kutu, cha kauri au cha kioo, na njia ya hewa isipite kwenye plastiki. Sisemi hivi kwa urembo. Mafuta ya karafuu yanakula baadhi ya plastiki, na kazini kwetu aliyesahau mafuta katika kikombe cha plastiki alirudi akakuta kikombe kimelainika na kupinda. Plagi iwe ya miguu mitatu bapa, na chini ya kifaa paandikwe volti 220 hadi 240, kwa sababu vya Marekani ni vya volti 120 na hapa haviishi siku moja bila transfoma.

Ninawaomba wenye maduka wabandike juu ya sanduku, kwa Kiswahili, joto la chini na la juu la kifaa kwa Sentigredi, na wamruhusu mnunuzi kujaribu pale pale kwa kidogo cha mchaichai mkavu kwa muda wa dakika kumi. Majani yakitoka na rangi ya kahawia, yakiwa makavu na bado yana umbo lake, mtu atoe pesa. Yakitoka meusi au yakiwa na majivu, kifaa kirudi rafuni.

Wako,
Mkamuaji mstaafu,
Chake Chake, Pemba