Barua kwa Mwanangu: Kuitambua Aina ya Ngano Ndani ya Unga

Mwanangu mpendwa Salma,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Njoro, ambako sote hatujambo. Umeniandikia kwamba kiwanda chenu kimepokea unga unaodaiwa kusagwa kutokana na aina moja tu ya ngano, kwamba cheti chake kinaonyesha protini asilimia 12, na kwamba mkuu wako wa maabara anauliza iwapo cheti hicho kinathibitisha madai ya muuzaji. Hakithibitishi. Kiasi cha protini hutegemea sana mbolea ya naitrojeni na hali ya hewa ya msimu, hata aina ileile ikatoa asilimia tofauti katika mashamba mawili yaliyopakana. Lakini protini zipi zimo na zipi hazimo ni suala la jeni za mmea, na hilo halibadilishwi na mvua wala mbolea.

Kuzigawa protini za ngano kwa kuziyeyusha ni utaratibu ambao Thomas Osborne wa Marekani aliueleza mwaka 1907, nasi bado tunaufuata: albumini huyeyuka katika maji, globulini katika maji ya chumvi, gliadini katika alkoholi ya asilimia 70 hivi, na glutenini hubaki nyuma mpaka utumie asidi au alkali hafifu. Wewe anza na gliadini. Changanya unga kidogo na alkoholi, utikise, uzungushe kwenye sentrifyuji mpaka mashapo yatulie chini, kisha chota majimaji ya juu uyatie katika vishimo vya jeli ya poliakrilamaidi yenye asidi, pH ikiwa karibu 3, ambamo umeme utazivuta protini na kuzitenganisha. Katika asidi hiyo gliadini hubeba chaji chanya, kwa hiyo husafiri kuelekea upande hasi wa umeme. Ukiunganisha nyaya kama ulivyozoea kwenye jeli za SDS, ile sabuni inayozipa protini chaji hasi, protini zote zitapanda juu na kupotelea kwenye bafa, yaani majimaji yanayoizunguka jeli, nawe utabaki unaitazama jeli tupu. Tena, akrilamaidi kabla haijaganda ni sumu ya neva na hupenya ngozi. Vaa glavu, hata wenzako wakikucheka.

Jeli ikishatiwa rangi ya buluu utaona milia mingi ya protini, mingine minene, mingine hafifu sana, na mpangilio wake ndio unaotenganisha aina na aina. Usiusome kwa kukariri. Weka aina unayoijua kwa hakika katika jeli hiyohiyo, upime milia ya aina nyingine kwa kuilinganisha nayo, kama Bushuk na Zillman walivyofanya kule Kanada mwaka 1978 walipotumia ngano ya Marquis kuwa kipimo.

Hapo ndipo tatizo la unga linapoanza, na ndipo ningependa uwe mkali kwa mkuu wako. Ukiletewa ngano nzima, unaweza kuponda punje mojamoja na kuipa kila punje kishimo chake, kisha ukahesabu ni ngapi zilizo ngeni. Unga umekwisha kuzichanganya punje zote, hivyo jeli itakuonyesha milia ya aina zote ikiwa imelaliana. Mlia usiopaswa kuwapo utakuambia kwamba kuna mgeni. Ni sehemu ngapi katika mia, hautakuambia kwa urahisi. Njia ya haki ni kutengeneza mwenyewe michanganyiko ya viwango unavyovijua, uipitishe pamoja na sampuli, na kulinganisha unene wa milia. Hata hivyo, mgeni ambaye milia yake yote imo pia ndani ya aina iliyoahidiwa hataonekana kabisa, na aina mbili za uzao mmoja huweza kufanana pasipo kutofautishwa. Hapo itabidi mpime DNA.

Baada ya gliadini, pima glutenini kubwa, yaani zile zenye molekuli kubwa, kwa jeli ya SDS. Aina moja ya ngano ya mkate huwa na tatu hadi tano tu, kwa hiyo kuzisoma si kazi. Hutajwa kwa namba: jozi ya 5+10 kwa kawaida huendana na kinyunga chenye nguvu, na jozi ya 2+12 na kilicho dhaifu. Kama cheti kinaahidi aina yenye 5+10 nawe unaona 2+12 pembeni yake, huhitaji ushahidi mwingine wa kwamba unga umechanganywa.

Angalia pia sehemu ya juu ya jeli ya gliadini, penye zile zinazosafiri polepole. Aina nyingi za ngano zilipewa kipande cha kromosomu cha rai, ile nafaka ya nchi za baridi, kwa sababu kina jeni ya Sr31 inayokinga mmea dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Kinga hiyo ilivunjwa na Ug99, aina ya kuvu wa kutu hiyo aliyegunduliwa Uganda mwaka 1998, na ndiyo maana mashamba ya majaribio ya hapa kwetu hupima ngano kutoka nchi nyingi. Kipande hicho huleta protini za rai, yaani sekalini, ambazo hujitokeza waziwazi kwenye jeli na mara nyingi hukifanya kinyunga kinate mikononi. Waulize waokaji wenu kama wamelalamikia hilo.

Kwa shehena hii, andika katika ripoti kwamba unga una mgeni au haujaonyesha mgeni, basi. Usikubali kushinikizwa utaje asilimia kama hukupitisha michanganyiko ya kulinganishia. Kwa shehena zijazo, ombeni kilo moja ya ngano yenyewe kabla haijasagwa. Jeli ikikauka, ipige picha unitumie.

Mama yako akupendaye.