Kidari kilichoganda hakitaki moto mkubwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kuku waliogandishwa wanaouzwa madukani hapa Kigoma mjini, na maikrowevu ambazo zimeanza kuzoeleka majumbani kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Lawama ninayoisikia ni moja: mashine inatoa kidari kigumu kama soli pembeni na kibichi katikati. Mashine inasingiziwa. Kinachoharibu nyama ni kuitoa kwenye friza na kuipiga moto mkubwa papo hapo.

Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi yanayoyatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula hicho. Maji yakishakuwa barafu hayatikisiki, na mawimbi hupita karibu yote bila kuacha joto. Ncha nyembamba ya kidari ikianza kuyeyuka, yenyewe ndiyo inayolinyonya joto lote, hivyo huchemka na kukauka huku katikati pakiwa bado jiwe. Ukiongeza dakika unazidi kukausha palipokwisha kuiva.

Kwa hiyo yeyusha kwanza, kwa nguvu ndogo. Chukua vidari viwili vya gramu 200 hivi kila kimoja, vitoe kwenye mfuko na trei lake, vipange kwenye bakuli la kioo: upande mnene uelekee nje na ncha ziangalie katikati, kwa sababu pembeni mwa sahani inayozunguka ndiko kwenye joto zaidi. Weka nguvu asilimia 30, au bonyeza kitufe chenye alama ya theluji. Geuza kila baada ya dakika 2, hadi zitimie 7 au 8. Utasikia mashine ikinguruma kisha ikinyamaza, usidhani imeharibika. Katika kile kimya joto hupata nafasi ya kusafiri kutoka nje kwenda ndani. Kisha acha bakuli dakika 5 bila kuwasha chochote. Nyama ikibonyea kwa kidole ilhali bado ya baridi, iko tayari. Yale maji mekundu yamwage na bakuli ulioshe kwa sabuni.

Hapo hakuna kusubiri. Sehemu za pembeni zimeshapata uvuguvugu, na kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria huzaana haraka. Nyama iliyoyeyushwa kwa maikrowevu hupikwa saa hiyo hiyo. Usiirudishe friza ikiwa mbichi.

Kupika ni kwa nguvu asilimia 70. Mimina vijiko 3 vya maji, kamulia ndimu na tangawizi ukipenda, lakini chumvi isubiri mwishoni. Chumvi juu ya nyama huyafanya mawimbi yaishie kwenye ngozi ya nje, na hapo pakauke mapema. Funika kwa sahani ukiacha upenyo wa mvuke. Dakika 4, geuza, kisha 3 hadi 5 nyingine kwa mashine ya wati 800. Iache imefunikwa dakika 5 tena kabla ya kukata, maana inaendelea kuiva.

Kuiva hakupimwi kwa rangi. Choma kipimajoto cha jikoni chenye sindano katikati ya sehemu nene: kisome nyuzi 74. Chini ya hapo vijidudu kama salmonela vinaweza kubaki hai. (Tafadhali, kile cha kupimia homa si cha kazi hii, kinaishia nyuzi 42 na cha kioo kitakupasukia ndani ya nyama.) Usipokuwa nacho, kata palipo nene zaidi: maji yatoke meupe, nyuzi za nyama ziachane, kusiwe na sehemu inayong'aa kama mbichi. Ni kipimo dhaifu, lakini ni bora kuliko kukisia.

Rangi ya kahawia hutaipata, maikrowevu haikaangi. Kata vipande, vimalizie kwenye kikaango chenye mawese na kitunguu, na hakuna atakayeuliza vilipikwaje.

Ndani ya maikrowevu, sufuria, sahani za bati, foili na sahani zenye mstari wa dhahabu zote hutoa cheche, na makopo ya plastiki ya siagi hulainika mafuta yakipata moto.

Sasa suala la umeme. Jioni umeme ukiwa mdogo, mashine ya wati 800 haitoi wati 800, na dakika nilizotaja hazitoshi. Ipime hivi: weka lita 1 ya maji ya bomba kwenye bakuli, pima joto, washa nguvu kamili dakika 2, koroga, pima tena. Zidisha nyuzi zilizoongezeka kwa 35, utapata wati halisi. Zikipanda nyuzi 16, una wati 560 tu, na muda lazima uongezwe karibu nusu. Umeme ukikatika katikati ya kupika, usiiache nyama ndani ukingoja urudi. Ihamishie kwenye jiko la mkaa mara moja.

Ukinunua, angalia mfuko. Vipande vilivyoshikana donge moja na barafu nyekundu imejaa chini ni dalili kwamba viliyeyuka vikagandishwa tena. Viache dukani.

Ombi langu ni kwa wauzaji: gandisheni vidari vikiwa vimelazwa kimoja kimoja, visizidi unene wa sentimita 2, kisha ndipo mfungashe kilo. Donge la kilo nzima halina namna ya kuyeyuka sawasawa katika maikrowevu yoyote, na mnunuzi hulazimika kulilaza kwenye friji usiku kucha hata kama anataka vidari viwili tu.

Mkufunzi wa mapishi,
Mwanga, Kigoma